Papa, Jiwe la Pembe Klabu Ulilipeleka Wapi?

Misiera, Kambi ya Nakivale, Uganda
2015

Papa,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, heri ujue mapema. Machozi niliyamaliza miezi saba iliyopita, siku tulipokulaza kule mlimani, na tangu siku hiyo kila wiki linazuka jambo jipya uliloniachia bila kuniambia. Mara mteja anadai kibao chake, mara nakuta kopo la rangi umelifukia nyuma ya choo, eti wezi wasilione. Nilivumilia. Lakini hili la Pembe Klabu, Papa, umezidi. Umenipandisha juu ya jukwaa la miti mbele ya watu wa Mbarara, patasi mkononi, nikitafuta kitu ambacho wewe mwenyewe uliniapia kwa Mungu kwamba ulikivunja.

Ngoja nikueleze vizuri, usije ukajifanya hukuelewa.

Mwezi uliopita nilikuwa napaka kibao cha saluni hapa barabarani. Watu watatu wakashuka kwenye boda wakiuliza nyumba ya "yule Mukongomani mpaka rangi wa Pembe Klabu". Nikawaambia Papa amefariki, presha ilimwangusha asubuhi moja akiwa anapanga makopo yake, hakuinuka tena kitandani. Mkubwa wao ni mama wa makamo, Mwalimu Peace, anafundisha historia mjini. Alishika kichwa, akasema, "Woowe! Bambi, pole sana. Sasa hii historia yetu amekwenda na yeye." Halafu akakaa kwenye kigoda chako bila kukiangalia. Asubuhi ile nilikuwa nimefutia brashi pale, tabia mbaya niliyoirithi kwako, na Mwalimu Peace aliondoka Nakivale na kijani kwenye sketi yake nzuri. Ndiyo salamu za kwanza ulizompa.

Habari aliyoleta ni hii. Afande Mugume, mwenye klabu, amezeeka, amerudi kijijini Endiinzi kukaa na ng'ombe wake, na jengo la klabu amemwachia kijana wake Bosko. Bosko hataki disko. Anataka kulibomoa lote ajenge akedi ya vioo, maduka chini, maduka juu. Mwalimu Peace na wenzake wameunda kamati ya kutetea majengo ya zamani ya mji. Wakubwa wa mji wakawaambia: leteni ushahidi wa nani alijenga na lini, tutalilinda. Bila ushahidi, Bosko ana haki na mali yake. Makaratasi yote yalishapotea. Ushahidi uliokuwepo ni mmoja tu, lile jiwe la juu ya mlango lenye jina la mjenzi na mwaka. Na mji mzima unajua kwamba jiwe lile lilivunjwa. Na mji mzima unajua nani alilivunja.

"Mukimbizi ndiyo alivunja," ndivyo wanavyosema pale stendi. Hawasemi Musafiri, hawasemi Papa Furaha. Mukimbizi. Nilikaa mbele ya wageni na brashi yangu, nikaona haya kwa niaba yako, na hukuwepo hata nikugombeze.

Sasa wewe unajua kwa nini moyo wangu ulikwenda mbio. Mwalimu Peace alidhani naonea uchungu kuta za zamani. Mimi nilikuwa namuwaza Maman.

Tulipokimbia Uvira mwaka ule wa tisini na sita, albamu ya picha ilibaki kitandani. Maman mwenyewe tulimwacha njiani, chini ya udongo wa watu, kabla hatujaona mpaka. Hatukuwa na picha yake hata ya kitambulisho. Halafu Afande Mugume akakuita uchore wacheza dansi kwenye ukuta wa ukumbi, wanawake sita, na wewe wa tatu kutoka kushoto ukamweka Maman. Kitenge chake cha bluu cha ndege. Kichwa amekiinamisha kidogo upande, kama alivyofanya akisikiliza mtu anayedanganya. Nilipoingia asubuhi ile na ndoo ya maji nikamkuta ukutani, niliiangusha ndoo. Wewe hukugeuka. Ulisema tu, "Furaha, ukaushe maji, batu batateleza."

Kwa hiyo jengo likienda, Maman anakwenda nalo. Sina sura yake fasi nyingine yoyote duniani. Ukutani pale tu.

Haya, tuje kwenye ujinga wako.

Mwalimu Peace alifungua daftari akanisomea. Kamati imezunguka mji mzima ikiuliza wazee historia ya jengo, na imepata historia tano. Mzee mmoja wa boda anasema ilikuwa hospitali ya Wazungu, na wagonjwa walikuwa wanalazwa pale penye kaunta ya bia. Muuza mishikaki anasema alijenga Mbelgiji aliyepotea njia akienda Bujumbura. Askari wa kambi ya jeshi wanasema ilikuwa gereza. Mama wa matoke anaapa palifanyika harusi ya mfalme, ng'ombe walichinjwa hadi damu ikafika barabarani. Na wahudumu wawili wa zamani wanasema chini ya sakafu kuna dhahabu. Hao walishafukua kona moja, wakatoboa bomba la maji. Mwalimu akamuuliza kila mmoja, nani alikuambia? Papa! Wote watano, jibu moja. Yule Mukongomani mpaka rangi.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama wa watu amekaa miezi anakusanya simulizi za wazee, na simulizi zote zimetoka kinywani mwako. Kwa nini lakini? Ulikuwa unapata nini? Najua ungenijibu nini: rangi ya mafuta inakawia kukauka, mutu hawezi kusimama tu kama nguzo, lazima aongee. Sawa. Lakini gereza? Askari wa watu wanakunywa bia yao, wewe unawaambia wamekaa kwenye selo?

Ya kweli uliniambia mimi peke yangu, mara moja, mvua ikinyesha. Muhindi mmoja mfanyabiashara wa ngozi ndiye aliyejenga, ghala mbele na nyumba ya familia nyuma. Ndiyo maana mvua ikinyesha kuta zilitoa harufu ya ngozi, na Afande alikuwa ananyunyiza manukato ukumbi mzima mpaka watu wanapiga chafya. Baadaye Wahindi walifukuzwa, yule bwana na wanawe wakaondoka na sanduku. Wanajeshi wakaweka magunia yao. Kisha pakakaa popo tu, mpaka Afande Mugume alipopachukua, akafagia, akaweka taa na spika, akaita bendi. Miaka ile ya mwanzo watu walitoka hadi vijijini kuja kucheza pale. Wanafunzi, madereva, askari na wake zao waliovaa vizuri. Mwishoni zikafunguliwa klabu nyingine zenye taa kali zaidi, Pembe ikabaki na wazee wachache wanaotazama mpira. Historia ni hiyo tu, Papa. Fupi na inatosha. Hukuwa na haja ya kumtafuta Mbelgiji.

Mimi disko lenyewe sijaliona likiwaka hata siku moja. Tulikuwa tunakwenda asubuhi, wenyewe wamelala, tunasogeza chupa, tunapaka. Na kanisani ulimwambia Pasta kwamba tunapaka "ghala". Miaka yote ile, mzee wa kanisa, ghala! Siku ya mazishi Pasta amesimama mbele ya watu akasifu jinsi ulivyopaka rangi maghala ya Mbarara kwa uaminifu. Niliuma kanga yangu nisicheke kwenye kaburi la baba yangu.

Na Maman ulimfanya nini? Kila baada ya muda Afande alisema ukuta umechubuka kwa mabega ya watu, pakeni upya. Wale wanawake watano uliwapaka kama walivyokuwa, wasichana wa milele. Maman ulimwongezea umri. Kila mara. Kwanza mikunjo midogo kwenye macho. Halafu shingo ikanenepa kidogo. Halafu mvi, mbili tatu, pembeni ya sikio. Afande alikuja juu: "Fundi! Watu nakuja hapa kunywa bia, wewe naweka mama mzee kwa ukuta! Weka msichana!" Ukamwambia ndiyo afande, ndiyo afande, ukageuka ukamwekea Maman miwani. Miwani, Papa! Nilikuuliza, nikiwa nimeshachoka na aibu zako, ukanijibu bila kuacha kupaka: "Sisi tunazeeka. Yeye abaki mutoto, nitazungumuza naye nini?"

Nikakusogezea kopo la rangi.

Basi, Mwalimu Peace akafunga daftari, akaniuliza swali moja: "Wewe ulikuwa pale siku ile. Alivunja kweli?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilisikia nyundo kwa masikio yangu. Afande alisimama barabarani amevaa kofia yake, akapaza sauti: "Hii jina ya Muhindi mimi hapana taka! Vunja yote! Kesho nataka kuona jina ya Pembe hapo juu!" Wewe ukapanda, ukajifungia nyuma ya maturubai, nikasikia ngo, ngo, ngo, na vipande vya matofali vikaanguka chini. Afande akaridhika, akaenda kunywa chai. Jioni ukasema limekwisha. Nilikuuliza, ukaapa.

Mwalimu Peace akasimama, akaaga. Alikuwa ameshapanda boda ndipo nikakumbuka muhogo.

Asubuhi ile ile ya nyundo ulinituma sokoni nikanunue unga wa muhogo. Nilifurahi, nikajua leo tunakula bugali, labda na ndagala, wale dagaa wetu. Nilipoleta, ukakoroga uji kwenye kopo la rangi, mzito, ukanyang'anya na mifuko mitupu ya simenti niliyokuwa nimeikunja ya kuwashia moto, ukapanda navyo juu. Sikula kitu hadi jioni. Nilinuna njia nzima kurudi Nakivale, na nimenuna kuhusu muhogo ule miaka yote hii, ninakumbuka njaa yake kuliko kitu kingine chochote cha siku ile. Lakini sikuwahi kujiuliza swali la mtu mwenye akili. Mtu anayevunja jiwe anahitaji uji wa muhogo wa nini?

Nilikimbia pekupeku na brashi mkononi. "Mwalimu! Mwalimu! Hakuvunja! Alibandika!"

Kwa sababu kazi yako naijua. Kitu usichotaka plasta ikishike, unakibandika karatasi ya mfuko kwa uji wa muhogo, unapigilia waya wa kuku pembeni, ndipo unapaka plasta juu. Hivyo ndivyo ulivyofunika madirisha ya kanisa siku za ukarabati. Na ukitaka mtu wa chini asikie unavunja, gonga tofali, tupa vipande. Mungu wangu, Papa. Ulimdanganya Afande, sawa, alikuwa na bastola. Mimi ulinidanganya kwa nini? Uliogopa nitaropoka? Ningeropoka kwa nani, kwa ndoo?

Bosko alitupa nusu siku. Si kijana mbaya, ana haraka tu. Alisimama chini na simu yake akituchukua video, akasema, "Sista, saa kumi kama hakuna jiwe, Jumatatu katapila naingia." Watu wakajaa: boda, wauza mishikaki, wale wahudumu wa dhahabu, askari wawili na wake zao waliowahi kucheza pale. Nikapanda. Ndiyo, mimi. Wewe uliyeniambia miaka yote, "Weye mwana, ubaki chini, kazi ya juu iko ya banaume, batu batasema nini?" Nilivaa suruali ndani ya sketi, nikapanda lile jukwaa la miti ya mikaratusi nikimwomba Yesu kila hatua, na wewe nikikutukana katikati.

Pale juu herufi kubwa nyekundu za Pembe Klabu, kutoka kona hadi kona ya ukuta, zimefifia, lakini zimesimama sawa. Nilizipaka mimi, unakumbuka. Wewe uliweka plasta, mimi nikapima kwa kamba, nikapaka, halafu ukaja na brashi ndogo ukaandika chini kwenye kona: Musafiri. Kama vibao vyote. Kibao cha duka la dawa, cha kinyozi, cha shule, mkono wangu wote, na chini Musafiri. Nilipolalamika ulisema, "Batu bakiona jina ya mwanamuke, batasema rangi itatoka." Nimelimeza hilo miaka mingi na halijashuka.

Nikapiga patasi juu ya mlango. Tofali. Nikapiga pembeni. Tofali tena. Nikavunja fasi kubwa kama meza, hakuna karatasi, hakuna waya, hakuna jiwe, na chini nikasikia mtu amecheka na mwingine akasema, "Si tulijua, mukimbizi alivunja." Mwalimu Peace ameinamisha kichwa. Bosko akaangalia saa. Nilishika ile miti, nikasema kwa sauti, mbele ya watu, "Papa, nitakufufua nikuue!"

Halafu nikaangalia chini, nikaona dirisha la tiketi. Na nikakumbuka. Afande alihamisha mlango! Miaka miwili baada ya kufungua, foleni ilikuwa inaziba barabara, akaziba mlango wa zamani, akafanya dirisha, akafungua mwingine. Mlango nilioupigia nyundo haukuwepo siku ya jiwe. Mimi, niliyebeba matofali ya mlango ule kwa mikono yangu, nimesahau. Hapo sina wa kumlaumu, lakini nitakulaumu hata hivyo.

Nikasogea juu ya dirisha, nikagonga kwa kidole. Sauti ikawa ya debe tupu.

Plasta ilitoka kipande kizima. Nyuma yake waya wa kuku, una kutu. Nyuma ya waya, karatasi ya mfuko wa simenti, kavu, wadudu wamekula kona moja ya muhogo wako. Nilikata waya. Na kabla sijaibandua karatasi, nikaona umeandika. Rangi nyekundu ya mafuta, mwandiko wako wa vibao, herufi zote kubwa, umezipanga katikati kama unavyopenda:

IMEFUNIKWA NA MUSAFIRI NA BINTI YAKE FURAHA. HAIJAVUNJWA. UFUNGUE POLEPOLE.

Papa.

Watu walikuwa wanapiga kelele chini, "Kuna nini? Sista, kuna nini?" Nilikaa kwenye mbao pale juu, miguu inaning'inia, nikalia mpaka Mwalimu Peace akapanda mwenyewe na viatu vyake vyeupe kuja kuona. Alisoma karatasi yako, akanishika bega. Kisha tukaibandua pamoja, polepole, ulivyoagiza. Jiwe lilikuwa zima kabisa. Maandishi ya Kihindi juu, ya Kizungu chini, na mwaka, tarakimu zote nne. Mwalimu Peace akapaza sauti kuwasomea walio chini, akatafsiri: "Vithal na wanawe."

Hapo nikaelewa ulikotoa maneno yako. Ulikuwa umeyasoma kwenye jiwe dakika chache kabla ya kuandika. Yeye na wanawe, wewe na binti yako.

Na nikakumbuka mlango wetu wa Uvira, jina lako ulilolichonga juu ya kizingiti wiki niliyozaliwa. Jioni ile ya muhogo, nimenuna, njaa inaniuma, ulisema kitu barabarani ambacho sikukijali: "Jina ya mutu batu habavunjaka, ni mubaya. Yule Muhindi alikimbia kama sisi. Nani anajua kama kwetu hakuna mutu na nyundo saa hii?" Nilidhani unatafuta njia ya kujisamehe kwa kuvunja. Kumbe ulikuwa unaniambia, na mimi sikusikia kwa sababu ya bugali.

Lakini bado nimekasirika. Mara moja tu katika maisha yako umeandika jina langu kwenye kazi, na umeliandika fasi gani? Chini ya plasta! Juu ya mfuko wa simenti! Kama jengo lingebomolewa, lingeenda dampo na mimi nisingejua kamwe. Miaka yote niliyokaa nikiona wivu kwa jina lako kwenye kona za vibao, jina langu liko Mbarara katikati ya mji, juu ya vichwa vya walevi. Ungeniambia hata kitandani, siku za mwisho, nilipokuwa nakukanda miguu. Neno moja. Uliongea habari ya makopo.

Sasa habari njema, kwa sababu najua unasubiri. Wakubwa wa mji walikuja, wakapiga picha, wakatoa barua. Ukumbi na uso wa mbele havibomolewi. Bosko atajenga maduka yake nyuma, palipokuwa jiko, na ukumbi atakodisha kwa harusi. Alinuna siku mbili, ya tatu alikuwa anawaambia watu yeye ndiye aliyegundua jiwe. Karatasi yako Mwalimu Peace ameiweka kwenye fremu ya kioo, itaning'inizwa ndani ya ukumbi. Pale stendi sasa wanasema "fundi Musafiri alificha", na wameanza kuongeza chumvi, eti ulifanya kazi ile huku afande amekuelekezea bunduki. Sikuwasahihisha sana.

Pasta naye habari zimemfikia. Jumapili aliniita kando: "Dada Furaha, lile ghala alilopaka Papa, ni kweli lilikuwa disko?" Nikamwangalia usoni nikamjibu, "Pasta, lilikuwa ghala la ngozi." Hukuona jinsi nilivyosimama. Ungejivunia, na mimi nilijichukia mpaka nyumbani.

Na Maman yupo. Bosko aliwasha taa, akasimama mbele yake, akasema, "Huyu mama mzee alikuwa naniangalia nikiwa mtoto. Mimi niliogopa yeye. Pakeni upya, amechubuka." Kwa hiyo nina kazi, Papa. Wiki ijayo naanza. Nimeshanunua bluu ya kitenge, na ile ya ndege nimeichanganya mwenyewe maana wewe hukuniandikia kipimo, kama kawaida yako.

Lala sasa. Nimekugombeza vya kutosha kwa mwezi huu. Nitakuja mlimani nikimaliza, nikuletee majani mabichi ya kulaza juu ya udongo wako, na nikikumbuka kitu kingine ulichonificha nitakuambia hapo hapo uso kwa uso.

Lakini hili nakuahidi. Kati ya Maman na mcheza dansi wa nne kuna nafasi, umeiacha miaka yote na mimi nilidhani ulikosea vipimo. Nitakuweka hapo, na shati lako la rangi, mkono wa kushoto umeshika brashi, unacheza vibaya. Kila ukuta ukichubuka nitarudi, nitawaongezea umri wote wawili, mmoja asimpite mwenzake. Halafu nitashuka, nitachukua brashi ndogo, na pale chini kwenye kona, mbele ya kila bwana harusi na kila bibi harusi wa Mbarara, nitaandika Furaha.

Binti yako